Gari la shule limesimama mbele yangu: nisubiri au nipite?

"Mwalimu, habari za kazi. Ninakaa Ilazo, hapa Dodoma, na ofisi yangu iko Mji wa Serikali, Mtumba. Kila asubuhi saa 12 na dakika 20 hivi naingia barabara ya lami ya mtaani kwetu, na kila asubuhi nalikuta gari lile lile la shule, Coaster ya njano. Kutoka pale hadi kutokea barabara ya Dar es Salaam hazifiki kilomita 3, lakini linasimama mara 9, geti kwa geti. Mtoto mwingine bado anafungwa viatu, dada anarudi ndani kufuata chupa ya maji, na sisi nyuma tumejipanga magari kumi na zaidi. Dereva hasogei pembeni hata kidogo, anasimama katikati ya njia. Nikimwashia taa, anajifanya hanioni. Bodaboda wanapita kulia na kushoto. Wiki iliyopita Noah moja ilitanua ikapita, na mtoto aliyekuwa anavuka akarudi nyuma mbio. Hakuguswa, Mungu mkubwa. Nauliza mambo mawili. Sheria haimlazimishi atupishe? Na mimi nikipita taratibu, kilomita 20 kwa saa, kosa langu liko wapi? Nina watoto wawili, usije ukaniona sina huruma."

Wala sikuoni hivyo, ndugu yangu. Asiye na huruma asingemkumbuka yule mtoto, angekumbuka dakika zake tu. Wewe umeandika yote mawili, na yote mawili ni ya kweli: unacheleweshwa, na mtoto yuko hatarini. Wengi wanaoniuliza jambo hili huja na moja kati ya hayo wakitaka nilifute jingine.

Kwa kifupi: dereva wa basi awapishe, ndiyo, lakini awapishe akiwa ametoka barabarani kabisa, mlango umefungwa na watoto wameketi. Pale anapopakia asimpishe mtu, na wewe usipite, hata kwa hizo 20 zako. Naanza na swali lako la pili, kwa sababu ndilo lenye roho ya mtu ndani yake.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo mwisho wa mwendo kwenye maeneo ya makazi, linakula karibu mita 14 kila sekunde. Tuseme mguu wako unachukua sekunde moja kutoka kwenye mafuta hadi kwenye breki. Hizo mita 14 zimekwenda kabla gari halijaanza hata kupunguza. Kisha breki nzuri kwenye lami kavu zinataka mita nyingine 14 hivi. Jumla 28. Ukiwa kwenye 30, jumla inashuka hadi mita 13. Ukiwa kwenye 20 yako, ni kama mita 8. Unaona mwenyewe kwamba kupunguza mwendo kunasaidia sana, na hapo uko sahihi.

Tatizo ni kwamba huna hizo mita 8. Mtoto wa darasa la kwanza akisimama mbele ya Coaster, wewe uliye nyuma humwoni hata nywele. Anatokea kwenye kona ya kulia ya gari, na wewe unapita pembeni ya kona hiyo hiyo kwa nafasi ya mita moja, labda moja na nusu. Kati ya kumwona na kumfikia kuna hatua moja ya mtoto. Na mtoto huyo hatembei, anakimbia, kwa sababu nyuma yake dada anamwambia "wahi, gari linakuacha". Watoto wadogo pia hawajui kupima mwendo wa gari linalokuja, wanaangalia tu kama liko karibu au mbali. Wewe unamwona anakutazama, unadhani amekuelewa.

Ujerumani wameliandika hili kwenye sheria yao ya barabarani kwa namna ninayoipenda. Basi la shule linalokaribia kituo likiwa limewasha indiketa zote mbili haliruhusiwi kupitwa kabisa. Likishasimama na indiketa zikaendelea kuwaka, unaweza kulipita, lakini kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, na hilo linawahusu hata wanaotoka mbele. Si 30, si 20. Kwa mwendo huo gari husimama ndani ya mita 2 au 3, na hapo ndipo hesabu inapokubali. Marekani wao hawana mjadala: basi likiwasha taa nyekundu na kutoa ule mkono wa pembeni wenye alama ya kusimama, aliye nyuma anasimama, na kwenye barabara isiyogawanywa katikati hata anayetoka mbele anasimama. Waingereza hawana sheria ya kusimama, wanakutaka tu upite polepole na kwa uangalifu.

Sisi tulichukua rangi. Ile njano ilikubaliwa mwaka 1939 kwenye mkutano uliofanyika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kwa sababu inaonekana mapema hata kwenye mwanga hafifu wa alfajiri, na maandishi meusi yanasomeka juu yake. Rangi ilifika Dodoma, ule mkono wa pembeni haukufika. Kwa hiyo dereva wako wa Ilazo akitaka kuwazuia magari kumi wasimgonge mtoto anayevuka, ana kifaa kimoja tu, nacho ni gari lenyewe. Anaposimama katikati ya njia yake wakati wa kupakia, wewe unaona ukorofi. Mimi, niliyefundisha udereva miaka mingi, naona mtu anayejua kazi yake. Angesogea nusu nje ya lami, nusu ndani, angeacha upenyo unaomshawishi kila mtu ajaribu kuchomekea, na huo ndio upenyo ambao Noah iliutafuta kwa nguvu.

Hapa niongeze jambo ambalo hatukulisoma darasani lakini sote tunalijua. Ukiwa nyuma ya lori njia ya Morogoro, dereva wake akiwasha indiketa ya kushoto anakwambia pita, mbele kweupe. Akiwasha ya kulia anakwambia tulia, kuna gari linakuja. Ni lugha ya wasafiri na imewasaidia watu wengi, ingawa mimi huwakataza wanafunzi wangu kuitegemea, kwa kuwa anayekuruhusu upite si yeye atakayekutana na gari la mbele. Sasa ipeleke lugha hiyo mtaani. Dereva wa Coaster anawasha indiketa ya kushoto kwa sababu anasimama kupakia. Aliye nyuma yake, pengine jana usiku ametoka safari ya Dar, anasoma "pita". Anaondoka kwa mwendo, na kwenye dirisha lake la kushoto anatokea mtoto. Wote wawili walisoma ishara, kila mmoja kwa kitabu chake. Ndiyo maana nawashauri madereva wa shule wawashe zote mbili wanaposimama, na waiache ya kushoto kwa ajili ya kusogea pembeni tu.

Nawe ukimwashia taa kubwa, hujamwambia chochote anachoweza kukifanyia kazi akiwa na mguu kwenye breki na mtoto mlangoni. Honi ndiyo mbaya zaidi, maana mtoto ndiye anayeisikia na ndiye atakayeshtuka.

Nirudi kwenye swali lako la kwanza. Sheria yetu ya Usalama Barabarani, ile ya mwaka 1973 iliyofanyiwa marekebisho mara kadhaa, inamtaka kila dereva akae kushoto, na inamtaka anayelipita gari lingine awe na hakika kwamba mbele ni salama kabla hajatoka upande wake. Gari likiwa limesimama kwenye zebra kupisha watembea kwa miguu, hulipiti. Ukimgonga mtoto ukiwa upande wa kulia wa barabara, maelezo kwamba basi lilikuchelewesha hayatakufikisha popote, si kwa trafiki wala mbele ya hakimu.

Kuhusu kupishana kwa adabu, wenzetu wameandika kanuni ambazo nadhani tungeweza kuziazima bila kusubiri Bunge. Mwongozo wa madereva wa Uingereza unamtaka mwenye gari kubwa au la polepole asivute mkia mrefu nyuma yake, asogee pembeni penye usalama awapishe. California wametaja hata idadi: kwenye barabara ya njia mbili ambayo si salama kupitana, gari la polepole lenye magari matano au zaidi nyuma yake linatakiwa kuingia pembeni penye nafasi ya kutosha. Lakini angalia vizuri, kanuni hizo zinalihusu gari linalotembea polepole. Gari lililosimama watoto wakipanda ni jambo jingine kabisa. Wewe umeyachanganya, na hukosei peke yako, karibu kila mtu huyachanganya.

Basi kwa nini dereva wako hasogei hata katikati ya kituo na kituo, pale ambapo angeweza? Nimewahi kupanda kiti cha mbele kwenye magari ya namna hiyo, na jibu nililipata pale. Kwanza, kingo za lami za mitaani zimeliwa, ukishusha tairi za kushoto gari linalala upande, watoto wanaangukiana na mikoba yao. Mbele kidogo kuna mtaro. Hiyo ni sababu ya kweli, lakini si kubwa. Kubwa ni kwamba akishatoka, hamumrudishi. Anakaa pembeni na indiketa ya kulia inawaka, mnapita kumi, mnapita kumi na tano, nyuma ya gari la kumi na tano kuna bajaji, nyuma ya bajaji kuna bodaboda watatu, na shuleni kengele inamsubiri. Akifanya hivyo siku mbili, siku ya tatu hatoki tena. Hawapishi kwa sababu na yeye hapishwi. Kwenye mzunguko huo mnazunguka wote, na wa kuukata wa kwanza anaweza kuwa wewe: siku akisogea, wewe uliye wa mwisho kwenye mkia simama mwachie nafasi arudi. Mwashie taa hapo, hapo ndipo taa ina maana.

Faida yake ni kubwa kuliko unavyodhani. Magari yaliyopangana yakifunguliwa njia huondoka kwa wastani wa sekunde 2 kila moja. Magari yenu kumi yanaisha kwa sekunde 20. Dereva akiingia kituo cha daladala, au mbele ya sheli, au uwanja wa mbele wa kanisa, mara moja tu katika zile kilomita 3, amepoteza nusu dakika na ameondoa mkia wote.

Lakini nikuambie ninachoamini ndicho chanzo, maana hadi sasa tumezungumzia dawa ya maumivu tu. Chanzo ni geti kwa geti. Kila kusimama kuna gharama isiyohusiana na idadi ya watoto: kupunguza mwendo, kusimama, kufungua mlango, kufunga, kuondoka tena. Weka sekunde 12. Mtoto mmoja kutoka getini na kupanda, kwa kisa ulichonieleza cha viatu na chupa ya maji, weka sekunde 25. Mara 9, hiyo ni zaidi ya dakika 5 na nusu. Sasa watoto wale wale 9 wakusanyike sehemu tatu, watatu watatu, wawe wameshajipanga na mikoba mgongoni. Kupanda kwa kila mmoja ni sekunde 6. Kituo kimoja ni sekunde 30, vitatu ni dakika moja na nusu. Hakuna dereva aliyeovateki, hakuna aliyepiga honi, na dakika 4 zimepatikana.

Na hapo nimehesabu muda tu. Kituo cha pamoja unaweza kukichagua: mahali palipo sawa, pasipo kona, penye nafasi ya gari kutoka barabarani lote, na kilicho upande wa kushoto wa uelekeo wa gari, ambako mlango upo. Geti hulichagui, liko lilipo.

Hili la upande wazazi wengi hawalioni. Asubuhi gari linakuja upande wa nyumba yako, mtoto anatoka getini anapanda, havuki kitu, umeridhika. Jioni gari lile lile linarudi kwa barabara ile ile likielekea kinyume, na mlango sasa unafungukia upande wa pili. Mtoto aliyechoka, mwenye njaa, anayemwona mama getini, anashuka na kukatiza mbele ya gari. Kwa hiyo asubuhi unayoilalamikia inaweza kuwa ndiyo nusu salama ya siku. Dawa ni gari kuzunguka mtaa badala ya kurudi njia ile ile, au mhudumu kushuka kwanza, kumshika mtoto mkono na kumvusha mwenyewe baada ya kusimamisha magari. Mhudumu anayebaki kitini akisema "haya shuka, angalia magari" hajafanya kazi yake.

Asubuhi nayo mhudumu ashuke kwanza, asimame upande wa nyuma wa mlango. Bodaboda anayepita kushoto, kati ya gari na ukingo wa barabara, anapita mlangoni kabisa. Huyo ndiye ninayemwogopa kuliko ile Noah.

Giza nalo. Mwezi wa Julai jua la Dodoma huchomoza karibu na saa moja kasorobo, kwa hiyo saa 12 na dakika 20 yako ni giza, na sweta nyingi za shule ni bluu iliyoiva au kijani kibichi. Kipande cha kitambaa kinachong'aa kwenye mkoba ni bei ya soda.

Kuhusu wewe mwenyewe, nisikufiche. Ukitoka nyumbani saa 12 na dakika 10 hulikuti gari hilo, na ofisi za Serikali zinafunguliwa saa 1:30. Najua ushauri wa "amka mapema" unakera, hasa kwa mtu mwenye watoto wa kuandaa. Njia za vumbi za kuzungukia zipo, lakini kipindi cha mvua zinakula shokapu, na utakachookoa kwa dakika utakilipa gereji. Na ukilipita hilo gari la shule je? Utafika barabara kuu dakika 4 au 5 mapema, kisha utajiunga na foleni ya kuingia pale, na Coaster itakukuta ungali umewasha indiketa. Ukiwa msimu wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, hesabu hiyo ni mbaya zaidi. Sensa ya 2012 ilikuta jiji hili lina watu 410,956, ya 2022 ikakuta 765,179. Barabara nyingi za ndani ya mitaa zimebaki njia moja ya kwenda na moja ya kurudi.

Kuna mambo ambayo jibu langu la maandishi halitoshi, yanataka miguu yako. La vituo vya pamoja nenda shuleni, umwone anayesimamia usafiri, si dereva. Dereva hana mamlaka ya kumwambia mzazi anayelipa ada ya gari kwamba mtoto atembee mita 150. Nenda mchana, si asubuhi ukiwa na hasira, na kama kuna mzazi jirani mwenye mtoto kwenye gari hilo nenda naye, maana shule itamsikiliza yeye kuliko wewe. La kutengenezewa sehemu ya gari kusimama nje ya lami, anza kwa mwenyekiti wa mtaa, barua iende TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa kuwa barabara za mitaa ni zao. Kwa barabara kuu ni TANROADS.

Lakini ukiona gari linatembea mlango wazi, watoto wamesimama au wamebebana, au dereva anaongea na simu huku amewapakia, hilo si la vikao. Kumbuka namba za gari na saa, ukishasimama pembeni ziandike, uzipeleke kwa trafiki au ofisi ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, siku hiyo hiyo. Usimpige picha ukiwa unaendesha, tutakuwa na madereva wawili wenye simu.

Ukifika shuleni wakakwambia wazazi hawatakubali, usibishane. Waombe wiki moja tu, na waanze na safari ya jioni, maana ndiyo yenye kuvuka. Waweke vituo vitatu, mhudumu awe na saa, aandike gari limefika mwisho wa mtaa saa ngapi Jumatatu na saa ngapi Ijumaa. Kisha niandikie tena unieleze wamepata nini.